Udongo Juu ya Fundo

Jumatatu, 14 Januari 1974

Shule imefunguliwa na mimi niko fomu ya tatu. Mvua ilitunyeshea njia nzima kutoka nyumbani Kashikishi, bandarini. Mwalimu Mpundu wa historia ametugawia madaftari mapya. Mbele nitaandika masomo kwa Kiingereza. Nyuma nitaandika mambo yangu kwa Kiswahili, maana wenzangu wanaongea Kibemba, na Kiswahili kwao ni cha kuulizia bei ya samaki tu. Hakuna atakayejisumbua kukisoma. Mimi Kiswahili cha kuandika nilikipata katika Biblia ya babu kule Pweto, ng'ambo ya ziwa, kabla Mama hajanivusha kuja huku.

Jumatano, 16 Januari

Mvua. Niliporudi shuleni Mama alikuwa ameshafunga mizigo ya samaki. Kuni hazikauki, moshi umejaa nyumba nzima.

Ijumaa, 18 Januari

Nataka kuandika polepole nisimsahau hata mtu mmoja.

Lori limerudi kutoka Kitwe, mji wa migodi. Kwa kawaida hurudi tupu, na dereva hushuka na habari ya samaki wa nani walipendwa. Leo limerudi na mizigo minne ya Mama. Nilikuwa nimesimama karibu na depo ya Ba Sampa, yaani Bwana Sampa, ambamo wachuuzi wote huweka mizigo kungojea lori. Dereva aliitupa chini mmoja baada ya mwingine. Mikeka yake ilikuwa imepasuliwa ubavuni. Nje kulikuwa na samaki waitwao pale, waliokaushwa vizuri kwa moshi, weusi, wanang'aa. Katikati, uozo mweupe, na mchanga.

Na juu ya kila mzigo, fundo la Mama. Kila mchuuzi hapa ana fundo lake la kamba ya gome. La Mama ni la Pweto, linazunguka mara tatu kisha linameza ncha yake. Hata mtu asiyejua kusoma analisoma.

Bana Chabu alicheka wa kwanza. Yeye ndiye mwenye mizigo mingi kuliko wanawake wote bandarini. Anaitwa hivyo kwa sababu ni mama wa Chabu. Hapa mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Mama yangu ni Bana Léonie. Bana Chabu alijaza mchanga kiganjani akauachia taratibu.

"Kumbe jina tulikosea," alisema. "Mtoto wake wa kwanza ni huyu hapa. Mwashibukeni mukwai, Bana Mchanga."

Kwa salamu hiyo ya asubuhi wanawake waligongana viganja kwa kucheka. Mama alikuwa ameshika kamba iliyokatwa, anaizungusha kidoleni, kama mtu anayetafuta ncha.

Ndipo Ba Sampa alipotoka ndani, kofia mkononi. Akasema kwa Kiswahili chake cha soko: "Muache mama ya batu. Iyi depo yangu inavuja. Pengine maji iliingia, pengine mutu aligusa. Kama ni kulaumu, mulaume miye."

Mimi nilisikia vizuri sana. Pengine mutu aligusa. Ni mutu gani? Ufunguo wa depo unaning'inia shingoni mwake na hauna ndugu. Mtu asiye na kosa hasemi mulaume miye.

Wameliondoa jina langu wakaweka mchanga mahali pake. Ba Sampa, nitakulipa. Nimeandika tarehe hapo juu.

Jumamosi, 19 Januari

"Mama, ni Ba Sampa."

"Nani alikuambia?"

"Alisema mwenyewe. Na ufunguo ni wake."

Mama alikuwa anapasua samaki. Kisu hakikusimama. "Usitaye jina ya mutu vile, Léonie."

"Basi ni nani?"

"Weye soma," alisema. "Njo kazi yako." Njo, kwa watu wa Pweto, ni ndiyo.

Kule ng'ambo sasa majina ya Kifaransa yamekatazwa, kila mtu amechukua jina la mababu. Shangazi aliandika kumwuliza Mama naye amechagua lipi. Alijibu kwamba atakufa Emilienne. Hivyo ndivyo alivyokuwa juzi tu. Leo anakubali kuitwa mchanga.

Jumanne, 22 Januari

Nilikutana na Ba Sampa njiani. Msichana wa hapa hupiga goti na kupiga makofi mawili mbele ya mtu mzima. Mimi nilipita nimesimama wima kama mlingoti. Alisema, "Eya mukwai, mwana," kana kwamba nilikuwa nimemsalimu. Hata heshima anaiiba.

Jumatatu, 28 Januari

Mwalimu Mpundu ameleta sanduku la bati la majarida ya zamani, yaliyoachwa na padre mmoja mzungu. Kila mwanafunzi achague biashara moja ya kale na kuiandikia kurasa kumi kabla ya Machi. Nilikuwa wa mwisho kufika mezani, kama kawaida yangu, na likabaki lenye picha ya vilima vya udongo jangwani. Kingsley, mtoto wa Ba Sampa, aliniambia, "Umepata makaburi." Sikumjibu. Tumepewa jarida hilo wote wawili, tubadilishane siku.

Jumatano, 30 Januari

Si makaburi tu, ingawa makaburi ni maelfu kwa maelfu, vilima vimebanana kama vichuguu. Ni kisiwa katika Ghuba ya Uajemi, na zamani kiliitwa Dilmuni. Watu walikaa kwanza karibu na chemchemi, maana chini ya maji ya chumvi kuna maji matamu yanayobubujika. Walivua, wakapanda mitende. Kisha merikebu zilianza kutua: shaba kutoka milima ya Magani, kwenye mdomo wa Ghuba, ikienda kwenye miji ya kaskazini, nafaka na nguo zikirudi. Wakajenga mji wenye ukuta, na ushuru langoni. Mawe yao ya kupimia uzito yalilingana na ya wafanyabiashara wa mbali sana, upande wa Bara Hindi. Walipeleka pia kitu walichokiita macho ya samaki. Wataalamu wanadhani ni lulu.

Haya yote miaka elfu nne iliyopita. Shaba. Mkoa wa Mama siku hizi unaitwa Shaba, na lori letu linapeleka samaki kwa watu wanaochimba shaba. Nilisoma mpaka kengele ikalia mara mbili.

Ijumaa, 1 Februari

Nimefanya jambo. Asubuhi, mvua ikiwa bado haijaanza na bandari yote iko kwenye mitumbwi, niliandika kwa mkaa ukutani mwa depo, herufi kubwa: KABOLALA. Ndiyo mwizi kwa Kibemba. Nilimaliza zote nane. Mimi ambaye siwezi kujibu swali darasani bila kutokwa jasho.

Jumatatu, 4 Februari

Mvua ilifuta maandishi, lakini watu walikuwa wameyasoma. Wachuuzi wawili wameondoa mizigo yao depo. Wanasema moshi haufuki bila moto.

Ramani ya Ghuba iko ukurasa wa katikati wa lile jarida. Nimeukata kwa wembe. Kingsley atachora kisiwa chake kwa kubahatisha.

Alhamisi, 7 Februari

Mvua.

Ijumaa, 8 Februari

Nimepata rafiki. Alikaa katika mji wa Uru, na alikufa kabla ya Ibrahimu, au karibu na wakati wake. Alimlipa mtu aende Dilmuni kumletea shaba nzuri. Mtu yule akaleta shaba mbaya, akamwambia mjumbe wa rafiki yangu, ukitaka chukua, hutaki nenda. Basi rafiki yangu aliketi akaandika malalamiko yote kwenye kipande cha udongo, mbele na nyuma, mpaka pembeni. Umenidharau. Tangu leo nitachagua mwenyewe, kimoja kimoja, uwanjani kwangu. Kipande kile kikakauka. Shaba imekwisha, miji imekwisha, na hasira yake bado mbichi.

Naliandika hili kwa herufi nzuri.

Jumanne, 12 Februari

Leo wameniita Mwana Mchanga shuleni. Nilikula chakula changu chooni.

Lakini mchana nilipata nilichokuwa nakitafuta. Wafanyabiashara wa kile kisiwa walikuwa na mihuri. Ni jiwe dogo la mviringo, kubwa kama kifungo cha koti, mgongoni lina nundu yenye tundu la kupitishia uzi, na viduara vinne. Usoni limechongwa: swala, mtende, mwezi. Mmoja una wanaume wawili wanaokunywa katika chungu kimoja kwa mirija, sawasawa na wazee wa hapa wakiwa na pombe yao ya katubi. Na kazi yake ni hii: ukishafunga mzigo, unabandika udongo mbichi juu ya fundo, unagandamiza muhuri. Udongo ukikauka, hakuna anayeweza kufungua fundo bila kuuvunja. Na hakuna anayeweza kuweka mwingine bila jiwe lako.

Ba Sampa ameliona fundo la Mama kwa miaka minne. Mtu mwenye subira anaweza kulifungua na kulifunga tena. Udongo hatauweza.

Jumamosi, 16 Februari

Wavuvi hutengeneza vizito vya nyavu kwa udongo wa kichuguu. Niliomba kimoja kilichokuwa bado laini, nikakisawazisha, nikachonga kwa msumari. Samaki mwenye jicho kubwa. Nilikichoma chini ya uchanja wa Mama wa kukaushia samaki, kati ya makaa. Mama aliuliza ni nini. Nikasema, kazi ya shule. Kweli ni kazi ya shule.

Alhamisi, 21 Februari

Mama amekwenda kwa Ba Sampa kuomba mizigo yake ipande tena lori. Nilimfuata, nikasimama mlangoni nje ya matone. Sauti zao nilizisikia.

"Sita tu, Ba Sampa. Nikikosa lori iyi pia, narudia Pweto na mutoto anaacha masomo."

Ba Sampa alijibu: "Mama Emilienne. Mizigo sita. Lakini unifungie muzuri. Unanisikia? Muzuri."

"Ninakusikia."

"Basi ulete."

Anamtisha mtu aliyemwibia. Nimejifunza sauti ya mnafiki ilivyo: ni ya chini na ya upole.

Ijumaa, 22 Februari

Niliporudi shuleni mizigo sita ilikuwa imeshafungwa. Mama alikuwa amelala mchana, jambo ambalo hafanyi.

Jumapili, 24 Februari

Mama yuko kanisani. Nimesema tumbo linaniuma. Kwenye kila mzigo niliinua ukingo wa mkeka unaolikinga fundo na mvua, nikabandika udongo, nikagandamiza samaki wangu, nikafunika tena. Sita. Niliwasha moto mdogo moshi uukaushe. Udongo hauonekani kutoka nje hata kidogo. Niliomba msamaha kwa kukosa ibada, kisha nikaomba kwamba Ba Sampa aifungue yote, asiache hata mmoja.

Jumatatu, 25 Februari

Wapagazi wamepeleka mizigo depo.

Alhamisi, 28 Februari

Daraja la barabara ya Mansa limechukuliwa na maji. Lori halitakuja. Vizuri. Ana siku nyingi zaidi za kuiba.

Jumamosi, 2 Machi

Mvua. Nampa nafasi.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu Mpundu amerudisha kazi zetu. Yangu ni ya kwanza darasani. Alisoma kipande cha barua ya yule mtu wa Uru, na darasa lilicheka pale panapostahili. Kingsley amepata alama mbaya; kisiwa chake alikiweka karibu na Misri. Aliniangalia.

Nilikuwa nimeandika kwamba muhuri unathibitisha uaminifu wa mfanyabiashara. Mwalimu ameweka mstari mwekundu chini ya uaminifu na kuandika pembeni: "Au jina lake tu? Fikiri."

Nimefikiri. Ni kitu kimoja.

Ijumaa, 8 Machi

Daraja limetengenezwa. Lori linapakia kesho.

Jumapili, 10 Machi

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote, na sitajipendelea.

Tulikuwa labda watu sitini mbele ya depo. Wapagazi walitoa mizigo ya Mama ikapangwa kando ya lori. Mama alikuwa nyuma, karibu na mama wauza mihogo. Nilisogea mbele. Nikasema kwa Kibemba, sauti ikanikatika, nikaanza tena:

"Inueni mkeka juu ya fundo. Kuna udongo wenye alama ya samaki. Niliuweka mimi. Ukiwa umevunjika, mzigo umefunguliwa humu ndani, na mwenye ufunguo mnamjua."

Ba Sampa alinigeukia. Uso wake sikuuelewa. Nilidhani ni woga.

Dereva alicheka akainua mkeka wa kwanza. Udongo ulikuwa mzima. Samaki na jicho lake. Wa pili mzima. Wa tatu. Watu walisogea kuona. Yote sita ilikuwa mizima, haina hata ufa.

Naandika ukweli: nilihuzunika. Nilitaka ivunjike.

Bana Chabu alikuwa ameweka mikono kiunoni. "Basi vizuri," alisema. "Mtoto amesoma. Hakuna aliyegusa. Kilichomo ndani ni kile alichofunga mama yake. Tufungue tuone."

"Apana," alisema Mama kutoka nyuma. Neno moja, si kwa nguvu.

"Pakieni," alisema Ba Sampa kwa haraka. "Mvua inakuja. Pakieni, batu ya Mungu."

Dereva aliniangalia. Kwa nini mimi? Kwa sababu udongo ulikuwa wangu. Ningesema pakia, angepakia. Lakini nilimwona Bana Chabu anatabasamu, nikakumbuka mchanga ukidondoka kiganjani mwake. Nilifikiri, angalau wataona samaki wa Mama walivyo wazuri, na Bana Chabu atameza lile jina mbele ya watu wote.

Nikasema, "Fungueni."

Kisu kilipasua wa kwanza. Safu ya nje, pale wazuri. Halafu mafuvu, vipande, samaki ambao moshi haukuwafikia, wanatembea funza. Halafu mchanga ukamwagika, mwingi, ukalia juu ya mbao za kupakilia kama mvua inavyoanza.

Wakapasua wa pili. Walipofika wa nne dereva mwenyewe alichoka.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Mama alikuja mbele, watu wakampisha. Aliokota pale wazuri mmoja mmoja akawaweka ndani ya kitenge chake. Nilipiga magoti kumsaidia. Alinisukuma mkono kwa kiwiko, taratibu, kama unavyomsukuma mbuzi.

Mpagazi mmoja mgeni akamwuliza, "Mutoto huyu ni wako?"

"Ni wangu," alisema. "Anajua kusoma."

Jumatatu, 11 Machi

Sikwenda shule. Mama hasemi nami.

Jumanne, 12 Machi

Vilevile.

Jumatano, 13 Machi

Kingsley alinisubiri kwenye njia ya shule. Nilitaka kukimbia.

"Baba alijua tangu mwaka jana," alisema. "Aliona mchanga unavuja chini ya mizigo yenu. Alisema mjane wa ng'ambo asifukuzwe kwa sababu ya mvua."

"Kwa nini hakusema?"

"Angemwambia nani? Wewe uliyeandika ukutani?"

Kumbe anajua. Wanajua wote wawili, na goti langu ambalo sikupiga Ba Sampa alilipokea kama salamu.

Ijumaa, 15 Machi

Usiku sikulala, nikamfikiria yule mtu wa Uru, rafiki yangu. Barua yake iliokotwa ndani ya nyumba ya mwenye shaba mbaya, pamoja na barua nyingine za kumlalamikia. Yaani aliziweka. Nyumbani kwake palikuwa na watu. Pengine palikuwa na msichana aliyezifuta vumbi. Sikuwahi kufikiri kuhusu nyumba ile.

Jumamosi, 16 Machi

Mama amesema leo. Alikuwa anachochea moto, kanipa mgongo.

"Mvua haikuniuliza kama niko na kuni ya kukauka. Samaki wanaoza, lori inangoja, weye unataka buku. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia, Mama. Niliposema ni Ba Sampa, ungeniambia."

Fimbo yake ilisimama kwenye makaa. "Ile njo zambi yangu," alisema. "Mchanga si zambi yangu. Kila mzigo iko na moyo, na moyo ya kila mutu iko na mchanga. Ya Bana Chabu pia. Miye nilizidisha, ni ile tu. Na yangu njo ilifunguliwa."

"Wote?"

"Wote. Kitwe wanajua, wanapunguza bei mbele ya kufungua. Lakini ukisema kwa mudomo, hawatanunua tena kwa mutu yoyote, na kando yote ya ziwa italala njaa. Usiseme, Léonie. Nakukataza."

Nimekaa na neno hilo tangu mchana. Wote. Bana Chabu aliyeuacha mchanga udondoke polepole namna ile, kama kitu ambacho hajawahi kukigusa.

Jumatatu, 18 Machi

Nilikwenda depo kumwomba Ba Sampa msamaha. Nilipiga magoti yote mawili kwenye matope. Aliniacha hapo.

"Matusi uliandika wapi?"

"Ukutani, mukwai."

"Na samahani unaleta ndani. Wachuuzi watano wameondoka kwangu. Samahani ya ndani nitaipeleka wapi?" Hakupandisha sauti. "Jumamosi lori inapakia. Utapanda juu ya sanduku, utasema mbele ya batu balebale."

"Mimi siwezi kusema mbele ya watu, Ba Sampa."

"Uliweza."

Niliposimama nilikuwa namchukia tena, na safari hii nilijua ana haki. Chuki ya namna hii haina utamu.

Jumamosi, 23 Machi

Sanduku lilikuwa la sabuni. Nilipanda. Nilisema, "Ba Sampa si mwizi. Neno lile niliandika mimi, nilikosea." Sauti ilifika. Ba Sampa alivaa kofia yake akaingia ndani, hakuniangalia. Amemalizana nami.

Ilikuwa nishuke. Bana Chabu akasema, "Na mchanga, Mwana Mchanga? Mchanga ni wa nani?"

Wakaanza kucheka. Mizigo yao ilikuwa imepangwa miguuni mwao, mafundo yakiangalia juu. Nilimtafuta Mama. Alikuwa mbali, anatikisa kichwa: usiseme.

Sikusema. Nilishuka nikaenda mpaka kwa Bana Chabu, nikapiga goti, makofi mawili, kama inavyotakiwa. Nikaweka kiganja juu ya mzigo wake, katikati kabisa, pale penye moyo, nikakiacha hapo.

"Ni mzito, Mama," nilisema. "Mmefunga vizuri."

Aliangalia mkono wangu. Kisha aliniangalia mimi, na nikaona ameelewa kwamba najua. Alivuta kitenge chake akafunika fundo. Mwanamke wa pembeni akafunika lake. Kicheko kilikatika kama kamba, safu nzima.

Mwili wangu ulijaa joto ambalo sijawahi kuwa nalo, hata nilipokuwa wa kwanza darasani.

Jumamosi, 30 Machi

Lori linapakia. Nilisimama kando na daftari, nachora mafundo. Bana Chabu alimtuma mtu aulize nafanya nini.

"Kazi ya shule," nilisema.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua imepungua. Nimemrudishia Kingsley ukurasa wa ramani. Aliukunja akautia mfukoni. Hakusema asante na sikutegemea.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilichora tena. Nimeshapata mafundo kumi na saba. Wanafunga haraka na kupakia haraka. Wengine wanatabasamu nikipita. Mmoja alinipa ndizi.

Jumanne, 9 Aprili

Mama alirudi kutoka bandarini akaweka beseni chini.

"Leo wamenisalimia. Mwashibukeni, Bana Léonie. Wote. Bana Chabu alinisogezea mahali pa mizigo yangu kwenye lori, kando ya yake."

"Vizuri, Mama."

"Si vizuri. Umewatisha."

"Sikusema kitu. Ulinikataza."

"Njo maana wanaogopa." Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. "Miye nilisikia jina yako kwa mudomo yao, nikafikiri, iyi si heshima. Iyi ni kama vile wanaitika polisi."

Nilijua anasema kweli. Nilifurahi hata hivyo.

Ijumaa, 12 Aprili

Shule ilifungwa jana, na leo ni Ijumaa Kuu. Tumetoka ibadani. Lori litakuja baada ya Pasaka, na kwa mara ya kwanza Mama hakungoja nisiwepo. "Kaa hapa," alisema. "Leo tunafunga pamoja."

Tulitandaza mkeka. Tulipanga safu ya nje, vichwa nje, mikia ndani. Alinionyesha jinsi ya kubana bila kuvunja mapezi. Tulifika katikati, na shimo la moyo likabaki wazi, kama chungu.

Kulikuwa na makapu mawili. Moja lilikuwa la pale wa moshi mzuri. Jingine lilikuwa la wale ambao kuni mbichi ziliwashinda, wamelegea, wanaanza kunuka. Mkono wa Mama ulikwenda kwenye lile la pili. Nadhani ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Ulisimama hewani. Akainua macho akaniangalia.

Mtoto mwenye adabu huinamisha macho mama yake anapomwangalia hivyo. Sikuyainamisha.

Alichukua wazuri. Alijaza moyo wote kwa wazuri, mmoja baada ya mwingine, na kila alipoweka mmoja aliniangalia kwanza.